Mkono Juu, Roho Mkononi

Jumapili, 9 Novemba 2014. Malaz, Riyadh.
Nafasi imejileta yenyewe! Ijumaa timu ya ghala letu inakwenda Jeddah kucheza na tawi la huko, na bosi hana refa. Nikajitolea kabla hajamaliza kusema. Nikamwambia nimechezesha ligi Bungoma miaka mingi. Uongo mtupu. Mimi ni dereva, na uwanjani Bungoma nilikuwa nauza maji. Lakini meneja wa Jeddah anatafuta dereva, na mke wangu Peris ni nesi hukohuko. Tuko nchi moja na tunaonana kwa simu! Meneja akinipenda, kafili, yaani mdhamini wetu huku, ni yuleyule, karatasi si shida. Omondi wa stoo alinitazama kwa jicho la pembeni. Aliwahi kuwa mshika kibendera Kisumu na haachi kutukumbusha.

Jumanne, 11 Novemba.
Omondi kaniuliza mbele ya watu refa akiinua mkono wima ana maana gani. Nikasema anaomba maji. Walicheka mpaka mpishi akatoka jikoni. Eti huo ni mpira wa adhabu usiopigwa moja kwa moja golini: lazima uguswe na mchezaji mwingine kwanza, na mkono haushuki mpaka uguswe. Nikamwambia filimbi inatosha. Akasema filimbi hutangaza kuna jambo, mkono ndio husema jambo gani. Timu zina Wabangladeshi, Wamisri, Wafilipino na sisi, nani atamwelewa nani kwa mdomo? Huwa namchukia zaidi akisema kweli.

Alhamisi, 13 Novemba.
Nimejifungia bafuni na kioo. Mikono yote miwili mbele: endeleeni kucheza. Mkono wima: ule wa Omondi. Nikifika wa tatu, wa kwanza umepotea. Mwenzangu wa chumba amegonga mlango akiuliza kama naumwa. Peris kapiga simu. Ameomba ruhusa kesho jioni, atanipikia samaki wa bahari, mimi mtu wa Bungoma ambako bahari tunaisikia redioni. Kasema nisiharibu. Kwa nini aseme hivyo? Naogopa.

Ijumaa, 14 Novemba. Jeddah.
Naandika ndani ya basi. Uwanja wa vumbi, Al-Mahjar. Nilianza vizuri, hata Omondi alinionyesha dole gumba. Karibu na mwisho, bado hakuna bao, kipa wa Jeddah akadaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kosa. Filimbi! Mkono wima! Nilikumbuka! Ndipo Jeddah wote wakanizunguka wakifoka kwa lugha nne. Akili ikanitoka. Mikono ikakimbilia kazi inayoijua, ile ya ghalani ya kuongoza malori yakirudi nyuma. Rudi, rudi, kushoto kidogo, yalla, twende, rudi, halas, basi hapo! Wakatii, maskini. Kipa naye akarudi, mpira kifuani, macho kwenye viganja vyangu, mpaka mgongo ukagusa nyavu. Bosi wangu akaruka akipiga kelele kwamba ni bao. Nikaona uso wa bosi, nikanyoosha mkono katikati ya uwanja. Riyadh moja, Jeddah mafi, hawana kitu.

Meneja wa Jeddah aliniuliza jina. Wafula, nikasema. Akasema anataka asilisahau. Tukasukumwa ndani ya basi kabla mawe hayajaanza kuruka. Samaki sikumwona, wala mpishi wake. Peris alinikatia simu. Nimelia. Omondi alipouliza, nikamwambia ni vumbi.

Jumapili, 16 Novemba. Malaz.
Bosi ana furaha isiyo kifani. Kasema refa kama mimi haondoki Riyadh maadamu yeye yu hai. Peris amepokea simu hatimaye. Samaki alimpa jirani. Ananiomba, tafadhali, nikitafuta uhamisho tena nitumie ukweli tu. Sauti yake ilinikata maini. Nimeapa.

Mchana limebandikwa tangazo: tawi la Jeddah linatafuta mtu wa kuongoza winchi kwa ishara za mikono. Mikono tu! Nimempigia meneja yule mwenyewe. Nimejiita Onesmus, jina la ubatizo, hilo halijui. Amefurahi sana kusikia kwamba kazi hiyo nimeifanya miaka mingi, bandari ya Bungoma.