Binti Mwenye Nyumba Saba

“Usinizungushe, kinyozi! Jumanne ilikuwa yako, ukamrudisha binti kwangu na godoro lake kama sahani ya kuazima!”

“Mama Cherehani, wakwe walinivamia. Ningewalaza wapi, kwenye kiti cha kunyolea?”

Nilisimama katikati yao na faili langu, nikisubiri wapumue ili nitoe tangazo. Hawakupumua. Nikalitoa hivyo hivyo.

“Ndugu wananchi! Idara ya Makazi ya Vijana ina furaha kuwatangazia kwamba tatizo la vijana wasio na pa kuishi litakwisha leo, saa kumi kamili alasiri!”

“Kwa nini saa kumi?” akauliza kinyozi.

“Ndipo tunapofunga ofisi.”

Mimi ndiye Mkaguzi Mwandamizi wa Kukosa Makazi. Cheo hicho si cha mchezo. Tuko wawili tu, na mwenzangu yuko masomoni. Hosteli yetu ya vijana ilikuwa na miezi minane tangu ikamilike: vyumba arobaini, mashuka yamepigwa pasi, na ndani hakujalala hata mbu. Si kwamba waombaji hawakuja. Walikuja mamia. Niliwakagua mimi mwenyewe, na nasema kwa fahari kwamba niliwafelisha wote. Kila mmoja wao, ukimbana vizuri, alikuwa amelala mahali fulani.

Kanuni niliitunga mimi: alalaye chini ya paa angalau mara moja kwa wiki, hapo ni kwake. Mkurugenzi aliisoma mara mbili, akasema mimi ni kichwa.

Siku hiyo nilikuja kumkagua binti wa miaka kumi na tisa, mwanafunzi wa ufundi bomba. Mtaa mzima ulimwita Kibegi, maana hakuonekana bila begi mgongoni. Wazazi hana, na nyumba ya shangazi aliyemlea iliuzwa shangazi alipofariki. Tangu hapo majirani walikuwa wakimlaza kwa zamu. Kitabu cha waombaji kingefungwa saa kumi na kufunguliwa tena mwakani, na mwakani Kibegi angekuwa amevuka umri wa kupokewa hosteli. Alikaa mbele yangu kwenye benchi la Mama Cherehani.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Jumatatu unalala wapi?”

“Kwa Mama Cherehani, chini ya meza ya kukatia vitambaa.”

“Jumanne?”

“Kwa kinyozi. Labda wakwe waje.”

Tukaenda hivyo mpaka Jumapili, kupitia stoo ya muuza mkaa na sebule ya bibi mmoja mwenye paka sita. Nikapiga mstari, nikajumlisha, nikavua miwani.

“Binti, una nyumba saba.”

Majirani wakasogea karibu.

“Saba?” Kinyozi alishika kiuno. “Mimi nina moja, na inavuja!”

“Mkurugenzi wangu mwenyewe ana tatu tu,” nikasema. “Nne, ukihesabu ile ambayo mkewe haijui. Na kanuni ya tisa iko wazi: mwenye ziada aisalimishe kwa Idara, ili wapewe wasio nayo. Utabaki na moja. Sita uzisalimishe leo.”

“Asalimishe nini?” Mama Cherehani aliweka mkasi chini, na mimi nikafurahi alipouweka. “Nyumba niliyojenga kwa uzi na sindano, wewe…”

Kibegi akainua mkono kama yuko darasani.

“Mzee, nikitaka kusalimisha zote?”

“Zote saba?”

“Roho imenituma.”

Katika miaka ishirini na miwili ya utumishi sikuwahi kukutana na ukarimu wa namna hiyo. Nilimpa fomu kwa mikono miwili. Mama Cherehani alifungua mdomo, kinyozi akamkanyaga mguu.

“Mwache mtoto atoe sadaka, dada.”

Kibegi aliandika nyumba moja moja, kwa mwandiko mzuri. Nami nikasaini palipoandikwa ‘Mpokeaji’, nikagonga mhuri.

“Sasa nina nyumba ngapi, mzee?”

Nikarudi kwenye fomu. Nikageuza ukurasa. Nikaugeuza tena.

“Huna.”

“Na leo nalala wapi?”

Miaka yote hiyo kazini, na hii ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mtu asiye na makazi kwa macho yangu. Nikampa mkono wa pongezi. Saa kumi kasoro dakika tano alikuwa chumba namba moja, anafungua na kufunga bomba ili asikie linavyolia.

Mkurugenzi aliposikia hosteli ina mtu, alijawa na furaha hata akaongeza wiki nzima ya kupokea waombaji. Na mtaani maneno hayangoji gari. Kesho yake foleni ilizunguka jengo mara mbili, kila kijana amekuja kusalimisha mali zake. Mmoja alisalimisha benchi la hospitali, mwingine kituo cha basi. Nikapokea, nikasaini mpaka kidole gumba kikavimba. Ijumaa vyumba arobaini vilijaa, na redio ikamsifu Mkurugenzi.

Jumatatu nikapata barua yake. Kwa mujibu wa rejista, ilisema, mpokeaji ni mimi; kwa hiyo namiliki nyumba mia mbili na tatu, zikiwemo stoo kumi na sita na kituo kimoja cha basi. Na mtumishi mwenye nyumba binafsi haruhusiwi kuishi nyumba ya serikali. Kanuni hiyo nayo niliitunga mimi, mwaka niliotaka kumhamisha jirani yangu mwenye jogoo. Imeandikwa vizuri. Haina mwanya.

Nyumba yangu ya serikali akapewa shemeji wa Mkurugenzi, mtu asiye na makazi kabisa, ambaye kwa miaka sita amekuwa akilala kwa Mkurugenzi.

Mke wangu alikwenda kwa dada yake. Nikamfuata. Dada yake akasema kwake hapana nafasi ya mwanamume mwenye nyumba mia mbili.

Basi nikaburuta sanduku mpaka hosteli. Kibegi alikuwa mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, zamu yake ya kupika. Nyuma yake vijana walicheka na vijiko viligongana. Nikakohoa kiofisi.

“Mimi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, kwa heshima na taadhima, naomba kufikiriwa…”

“Umekula, mzee?”

“Swali hilo halimo kwenye fomu.”

“Ndiyo maana nakuuliza mimi. Ingia, chakula kinapoa.”