Redieta Saba, Mama Mmoja

Jumatatu, 12 Januari 2004
Mama anaingia Alhamisi. Mara yake ya kwanza kutoka Pemba kuja Ulaya. Dada yangu Ghalia, anayekaa Stanmore, upande wa pili wa mji huu, keshatangaza kwenye simu kuwa mama atalala kwake, eti nyumba yangu ya Croydon ni jokofu. Nikamwambia mama ni wangu pia, atakaa kwangu mpaka aseme mwenyewe kachoka. Ghalia akacheka. Kicheko cha mtu ambaye kila chumba chake kina joto.
Nimekwenda kugusa redieta ya chumba cha mgeni, lile bati la ukutani la kutia joto, kule juu nyuma. Baridi kama jiwe la kisimani. Nyengine sita zinawaka.

Jumanne, 13 Januari
Kaja Evodius, Mhaya anayefanya kazi ya mabomba. Nimempa chapati nne na mchuzi wa samaki. Anasema boila inayochemsha maji ya nyumba ni nzima. Redieta zilizo karibu nayo zinakunywa maji yote ya moto, ya mwisho inaambulia makapi. Dawa ni kuzisawazisha. Kila redieta ina koki ya pili chini ya kifuniko cha plastiki. Za karibu unazibana kidogo kwa spana, ya mbali unaiacha wazi. Robo mzunguko, usubiri nusu saa, uguse, ndipo ubane tena. Nafasi anayo wiki ijayo. Wiki ijayo mama atakuwa keshaganda.
Nikamwomba aniazime spana. Akanitazama sana. Akasema, Mama Asad, kidogo kidogo. Nikamwambia nimeanza kupakua pilau za harusi yeye hajazaliwa. Kugawa nakujua.

Jumatano, 14 Januari
Skuli niliishia darasa la nne, lakini hili si la skuli, ni la adabu. Joto ni chakula, hugawiwa kwa heshima. Nimepanga kwenye karatasi. Mama: wazi kabisa. Mume wangu Abdulsamad: nusu, ndiye baba. Binti yangu Haifa: robo, ana mtihani. Sebule: robo. Asad: nimefunga, ana miaka kumi na miwili, damu yake inachemka. Jikoni nimefunga, mimi nina jiko. Bafuni nimefunga kabisa, hakuna anayeishi humo.
Ile nusu saa ya kusubiri nimeiruka. Mafundi hupenda kurefusha kazi.

Alhamisi, 15 Januari
Alfajiri Abdulsamad katoka bafuni kutawadha, meno yanagongana. Akauliza kama tumehamia uani. Nikamwambia astahamili, mgeni ni baraka.
Mama kafika saa kumi. Kapungua, mikono myembamba kama miguu ya ndege. Nikamkumbatia mpaka akaniambia nimwachie apumue. Chumbani kwake tanuri. Mafuta yake ya nazi, yaliyoganda safarini, yakayeyuka chupani. Akavua koti, akavua sweta, akabaki na kanga. Akasema, mwanangu, hapa nimefika. Palepale nikampigia Ghalia kumpa hali ya hewa.

Ijumaa, 16 Januari
Mama kaizunguka nyumba na tasbihi mkononi. Kagusa redieta ya Asad. Kisha kamgusa Asad mwenyewe, anayekunywa chai na glovu mikononi. Akamuuliza, mjukuu wangu, kulikoni. Asad akajibu kwa Kiingereza, Haifa akatafsiri: anasema yeye hayumo kwenye orodha.
Nikaileta karatasi, nikamsomea. Nilidhani atafurahi. Akaniuliza: ulipokuwa mtoto, lini uliniona natafuna na wewe unanitazama mdomo? Akabeba mto wake akahamia kitandani kwa Asad. Asad kalala chini. Chumba cha joto kinawaka peke yake, kila mtu anaona haya kukiingia.

Jumamosi, 17 Januari
Basi, haki. Nimefungua koki zote saba mpaka mwisho. Hakuna mkubwa wala mdogo. Mama karidhika, kanibusu, karudi chumbani kwake. Saa moja baadaye, redieta yake jiwe la kisimani tena.
Nikampigia Evodius. Akasema kuwa zote wazi ndio ugonjwa wenyewe. Akauliza robo mzunguko mimi naielewa vipi. Nikamwambia simu haisikiki.
Mama hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimkuta kajikunja chini ya mablanketi mawili, anasema ni kuzoea tu. Nikajilaza naye, miguu yake nikaiweka tumboni mwangu mpaka ikapata moto.

Jumapili, 18 Januari
Ghalia kaja na gari. Mama akapiga chafya, moja tu, na Ghalia akaanza kukunja nguo zake. Mama akaniambia nisilie, anakwenda wiki moja, nyumba ikiwa na joto atarudi. Nikamwambia silii, ni mvuke wa wali.

Jumatatu, 19 Januari
Ghalia kapiga simu: mama yu raha, hata soksi havai. Abdulsamad kaniapisha mbele ya watoto kuwa redieta sizigusi tena, nimwachie Evodius amalize kwa utaratibu. Nimeapa. Ni kweli nilikosea, nilikuwa na haraka.
Keshokutwa nakwenda Stanmore kumsalimu mama, nitalala hukohuko. Napika mkate wa kumimina. Redieta ya chumba anacholala kule ina kifuniko kilekile cha plastiki, nimekiona kwa macho yangu. Nikiibana mizunguko miwili, Ghalia akiwa anatia chai, nani atajua? Baridi ya usiku mmoja haiui mtu. Na mama akianza kujikunja, mimi nitakuwa palepale, na koti lake mkononi.
Kiapo kilikuwa cha nyumba yetu.