Daraja Lililombeba Mwalimu

Jumatatu, 3 Machi

Leo daraja la binti yangu limembeba mwalimu. Mwalimu mzima, na viatu vyake.

Nieleze vizuri. Binti anasoma shule ile ya kilimani, yenye bwawa la kuogelea na wazazi wanaofunguliwa milango ya magari. Kwenye fizikia wakapewa kazi ya nyumbani: jengeni daraja kwa vijiti vya aiskrimu na gundi, libebe tofali moja. Tofali moja tu. Mimi, fundi wa mageti, ambaye geti langu liligongwa na lori na lori ndilo likaenda gereji, nikae nitazame mwanangu akibandika vijiti vinavyolegea kama miguu ya ndama? Nikamwambia akasome historia, baba atakaza gundi kidogo.

Nikakaza. Nikapitisha nondo nyembamba, nikachomelea kila kiungo, nikafunika kwa vijiti, nikapiga vanishi. Binti sikumwambia. Mtoto haambiwi kila kitu.

Leo jioni amenisimulia. Madaraja ya wenzake yalivunjika. La mtoto wa Daktari wa Meno lilibeba tofali moja na nusu, na Daktari, ambaye alikuja kutazama bila kualikwa, alipiga makofi peke yake. Likaja letu. Tofali la kwanza, la pili, mpaka yakaisha darasani. Mwalimu, mama mwembamba wanayemwita Rula kwa kuwa hapindi, akapanda juu. Akasimama. Akaruka kidogo.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Binti akasema mwalimu hakucheka. Alishuka akaenda kuleta sumaku.

Sumaku haishiki vijiti vya aiskrimu.

Jumanne, 4 Machi

Simu ya shule. Ijumaa binti anasimama mbele ya kamati ya nidhamu. Akionekana kadanganya, anaondolewa shule.

Mimi huagiza chuma kutoka nje, nimekunywa chai na maofisa wa forodha wa bandari nyingi, na hakuna aliyewahi kuniona nikitetemeka. Lakini shule niliiacha kidato cha pili, na mpaka leo nikinusa chaki natafuta mlango. 

Binti hakulia. Hilo ndilo linaloniogopesha. Alikaa mezani akakitazama chakula, kisha akauliza, baba, uliweka nini mle ndani? Nikasema, upendo. Akainuka akaondoka.

Mke wangu akauliza kuna nini. Nikasema mambo ya gundi. Akanitazama anavyotazama samaki sokoni, akilitafuta jicho.

Sijalala vizuri. Lakini mpango ninao. Rula ana nyumba, na nyumba ina geti.

Jumatano, 5 Machi

Geti la Rula limeoza kwa kutu. Aibu. Nikaamua nimtengenezee jipya, bure, lenye maua ya chuma, na moyo wake ulainike kabla ya Ijumaa. Nilienda kupima wakati yuko kazini. Kipimo cha nje kikakubali. Cha ndani kikanilazimu nipande ukuta kwa ngazi.

Nilikuwa nimekaa juu ya ukuta, futi mdomoni, Rula akatokea. Kumbe Jumatano anafundisha asubuhi tu. Akauliza nafanya nini ukutani kwake. Maneno yote ya bandarini yakanikimbia. Nikasema, napita.

Akasema, mzazi, watu hupita barabarani.

Nikamweleza habari ya geti. Akanisikiliza mpaka mwisho, na hilo lilikuwa baya kuliko kufukuzwa. Akasema geti lake linamtosha. Ijumaa anataka kusikia jambo moja tu, nani kajenga daraja. Kisha akanishikia ngazi nishuke. Nikamshukuru. Sijui nilimshukuru kwa nini.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua Daktari wa Meno ndiye mwakilishi wa wazazi kwenye kamati. Adui yangu ana kiti mezani.

Hata hivyo nilimfuata kliniki. Mtu mzima huongea na mtu mzima mwenzake. Msaidizi wake akasema anaona wagonjwa tu, kwa hiyo nikawa mgonjwa. Nikalazwa kwenye kile kiti chao, taa usoni. Nikamwambia, ndugu yangu, tuache unafiki, wazazi wote tunawafanyia watoto kazi, tusimame pamoja kesho. Akasema fungua mdomo. Akanijaza pamba, akanidunga ganzi, ndipo akajibu. Mwanawe kajenga mwenyewe. Kamati itafuata sheria. Na jino hili lingenisumbua tu, afadhali aliondoe.

Binti aliniambia viungo vya daraja la mtoto yule vilikuwa vyeupe, vigumu, vinang'aa. Nilitaka kumuuliza Daktari ni duka gani linauza gundi ya namna hiyo. Ilitoka sauti ya ng'ombe.

Nimerudi nyumbani na pengo. Mke wangu akauliza tena kuna nini. Ukiwa na ganzi huwezi kudanganya, maneno yanatoka yalivyo, pamoja na mate. Nikamwambia yote. Akachukua kitambaa akanifuta mate. Kisha akasema, mume wangu, yule mtoto amekonda kwa siku tatu. Kesho useme kweli, au nitasema mimi.

Nitasema kweli. Ila nitaipamba kidogo. Nitasema fundi wangu mmoja aliangusha nondo kwenye gundi kwa bahati mbaya.

Ijumaa, 7 Machi

Mkuu wa shule katikati, Rula kushoto, Daktari kulia. Daraja juu ya meza, linang'aa. Hata kwa hofu ile nililionea fahari.

Mkuu akamuuliza binti nani kajenga. Akasimama. Akasema, mimi. Nondo je? Mimi. Nimekosa, naomba msamaha.

Mtoto huyu hajui hata nondo inashikwa upande gani. Nyuma ya mgongo wake niliona mikono imekunja pindo la sweta. Alikuwa tayari kufukuzwa ili mimi nisiaibike. Nikatafuta yule fundi wangu wa kubuni, sikumwona. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, anadanganya, hajui lolote. Nondo zangu, kosa langu, mfukuzeni baba.

Ningekaa hapo ningetoka shujaa. Lakini Daktari akaguna kwamba, hata hivyo, viungo vimechomelewa hovyo.

Hovyo.

Sikumbuki yote niliyosema baadaye. Nakumbuka nilimwomba Mkuu apande juu ya daraja, tena na kiti chake. Nakumbuka nilisema angalau langu nimechomelea, sikuziba kwa dawa ya kujazia meno. Rula akanyanyuka taratibu, akaleta daraja la mtoto wa Daktari, akakwaruza kiungo kwa ukucha. Ukucha ukavunjika. Daktari akakumbuka ana mgonjwa.

Uamuzi: kesho watoto wote wawili wanajenga upya, maabara, peke yao. Daraja likibeba tofali, yameisha. Lisipobeba, kamati inakaa tena. Mimi na Daktari tusikanyage ndani ya geti.

Binti hakuniangalia njia nzima. Tulipofika akanishika mkono kidogo, akauachia.

Jumamosi, 8 Machi

Nimesimama nje ya uzio tangu asubuhi, nimeshika vyuma kama mfungwa. Daktari pembeni yangu. Hatukusalimiana. Baadaye akasema uzio huu umechomelewa vibaya. Nikasema ni kweli. Tukawa marafiki.

Dirishani nilimwona binti anabandika, anabomoa, anabandika. Alipanga vijiti pembetatu pembetatu. Mimi nisingepanga hivyo. Nilipiga kelele kumwelekeza, mlinzi akaniomba ninyamaze. Rula akaleta tofali. Daktari akafumba macho akaniambia nimsimulie. Nikashindwa, maana na mimi nilikuwa nimefumba.

Likainama. Likalia. Likabeba.

Alitoka na gundi kwenye nywele, akicheka kwa mara ya kwanza wiki hii. Akasema, limeegemea kushoto, lakini ni langu, baba. Nililia kidogo. Daktari naye alikuwa na kitu jichoni, kwa maana mwanawe pia kavuka.

Jumapili, 9 Machi

Fundisho nimelipata na naliandika hapa nisilisahau.

Jana Rula alitoa kazi mpya: chombo cha maboksi kinachoelea majini. Binti amesema nisiguse. Sitagusa chake. Natengeneza cha akiba tu, kikae tayari, maana kamati ile sitaki kuiona tena maishani mwangu.

Na kosa la daraja nimelielewa. Lilikuwa zuri mno. Safari hii natengeneza kibaya, kama cha mtoto kabisa, kimepinda, gundi imechuruzika.

Nimeshinda karakana toka asubuhi. Kazi ngumu sana. Nikikipinda, mkono unakinyoosha wenyewe. Kesho nampelekea Daktari anisaidie. Kwa kazi mbovu, yule bwana ana kipaji.