Mvuke Hupanda

Jumatatu, 7 Machi 1977

Voi. Joto la kuua. Lakini leo nimepewa kazi ya maana, hatimaye! Meneja wetu, Bwana Nzomo, ameniagiza nipitie ramani ya depo mpya ya petroli kabla haijajengwa, nitaje kila kitu kinachoweza kuwadhuru watakaofanya kazi humo. Nikifaulu, nitakuwa Afisa wa Usalama. Ofisi yangu. Feni yangu. Dishon Opiyo, mchoraji ramani, alikunja uso kama aliyeuma ndimu. Alidhani atapewa yeye. Shauri yake.

Tryphena hakunipongeza. Aliuliza tu kama sasa kaka yake atapata kazi. Mke gani huyu! Shemeji Thadeus yuko Chawia kule milimani, analima mahindi yasiyoota, na lawama zote ni zangu. Nimesema nitamweka kwenye pampu. Angalau nile kwa amani.

Jumanne, 8 Machi

Hatari nimeiona. Ni jua! Mimi mtu wa Wusi, nimelelewa na ukungu. Najua Voi inavyochoma. Dishon amechora chumba cha pampu juu ya ardhi, upande mmoja wazi kabisa. Mfanyakazi ataiva humo! Nimekishusha chini. Shimo zuri, kuta za saruji, ngazi, kivuli siku nzima. Kwa nini wengine hawakuliona hili? Kwa sababu hawafikirii.

Dishon amepinga. Eti pampu huvuja kidogo, hata ufanye nini, na mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Eti utashuka shimoni na kutuama kama maji, na mtu akiuvuta atapata kizunguzungu, kisha azimie. Mvuke ushuke! Nilicheka mpaka karani akachungulia.

Alhamisi, 10 Machi

Mkutano mbele ya Bwana Nzomo. Nilikuja na stovu na sufuria ya Tryphena (hajui). Maji yakachemka, nikafunua. Mvuke ukaenda wapi? Juu! Nikawaambia aliye chini ndiye salama kuliko wote.

Dishon akasema huo ni wa maji, wa petroli ni kitu kingine. Nikamwuliza, kama ni kitu kingine, kwa Kiswahili kinaitwaje? Akafikiri. Akafikiri tena. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba unaitwa mvuke. Watu walivyocheka! Nimeingoja siku hii tangu aliponisahihisha hesabu mbele ya wageni.

Bwana Nzomo alisomea uhasibu. Alikuwa akijipepea kwa ramani yenyewe. Akasema shimo linaonekana lina ubaridi.

Ijumaa, 11 Machi

Dishon hakubali kushindwa. Amemwaga petroli kwenye shimo la nguzo nyuma ya ofisi, akamshusha kuku ndani ya kikapu. Kuku akayumba, akalala, hakuamka. Wote wakanigeukia. Nikasema kuku wa sokoni siku hizi wana kideri. Bwana Nzomo akaafiki. Kuku wake walikufa juzi.

Namchukia Dishon. Naandika bila aibu. Hawezi kuniachia hata kitu kimoja.

Kuku nikamchukua. Tryphena alimnusa, akakataa kumpika. Nimempika mwenyewe.

Jumamosi, 12 Machi

Tumbo. Nadhani ni kitunguu.

Jumatatu, 14 Machi

Ramani imepitishwa! Afisa wa Usalama! Dishon anapelekwa Kishushe kupima barabara, ambako atapata vumbi la kutosha kubishana nalo. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu. Hakugomba. Aliniomba walau niweke feni kule chini, ya kuvuta hewa na kuitoa nje. Alikuwa karibu kupiga magoti. Nilimwambia tumenunua feni moja tu, na iko juu ya kichwa changu.

Jumatano, 16 Novemba

Depo inafanya kazi. Thadeus yuko kwenye pampu, nilimshusha mwenyewe kwa ngazi. Kila jioni anakuja na malalamiko. Kichwa kinamgonga. Eti kule chini kuna harufu tamu, na wakati mwingine anajikuta anacheka peke yake. Nimemwambia mtu anayecheka kazini hana shida. Tryphena aliniuliza kama nina hakika na lile shimo. Nilimwonyesha cheo changu kilichoandikwa kwenye mlango wa ofisi.

Ijumaa, 18 Novemba

Thadeus amekutwa chini ya ngazi. Aliyeshuka kumtoa naye akaanguka. Wamevutwa kwa kamba, mmoja mmoja. Yule mwingine ameamka. Thadeus anapumua, macho wazi, lakini anamwuliza Tryphena yeye ni nani. Tena na tena. Tryphena anamjibu kila mara kwa upole, mimi hanijibu kabisa. Nilifika hadi mlango wa wodi, nikashindwa kuingia. Iliniuma. Sana.

Jumatatu, 21 Novemba

Bwana Nzomo alitaka maelezo. Nimempa. Mtu wa milimani hajazoea hewa nzito ya bondeni, basi! Nimependekeza benchi, pale chini kabisa penye ubaridi, ili atakayeona kizunguzungu akae apumzike. Amelipenda wazo. Seremala anaanza kesho.

Tryphena bado yuko hospitali. Atanishukuru tu. Wengi waliitaka nafasi ya Thadeus, lakini nimeishikilia kwa ajili ya ukoo wake. Nimetuma salamu Chawia kwa mdogo wao wa mwisho, Silvanus. Ashuke haraka.