Nimemchuchumalia Muuza Nyanya

Leo nimeadhirika. Uwanjani, mchana kweupe, nimevaa helmeti ya bodaboda. Na kabla hamjaanza kunitumia vikatuni vya kucheka, nisikilizeni mpaka mwisho, maana naona kuna watu tangu saa kumi wanasambaza habari nusu nusu.

Mnajua mimi ni fundi cherehani hapa Mpanda. Mnajua pia nacheza kriketi. (Ndiyo, kriketi. Nilijifunza shuleni Tabora, na kama hujui mchezo huo si kosa langu.) Tuko timu mbili tu mkoa mzima kwa ninavyojua: sisi wafanyabiashara wa mjini, na walimu. Tunachezea kiwanja cha shule kule Mwamkulu, jirani na kanisa. Katikati tumeshindilia udongo, kila upande tumechomeka vijiti vitatu. Mpira ni wa tenisi uliozungushiwa solotepu nyeusi ya mafundi umeme. Tunajiheshimu.

Miezi saba iliyopita, kwenye kiwanja hicho hicho, nilikuwa nakimbilia mpira nikakanyaga shimo. Goti likageuka upande ambao goti haligeukii. Nikafungwa hogo la plasta kuanzia pajani mpaka kwenye kifundo. Daktari akasema, "Usilikunje hilo goti kwa miezi mitatu." Miezi mitatu, nakubali. Baada ya hapo hakuna mtu aliyekuja kuniuliza mwezi wa nne uliendaje. Mimi sikudanganya mtu. Sikutoa taarifa tu.

Sasa hapa ndipo anapoingia mama mkwe.

Mke wangu ni Mfipa. Kwao mkwe hasalimiwi ovyo ovyo kama unampungia mtu wa pikipiki. Ukikutana naye njiani unampisha, hukatizi mbele yake. Unavua kofia, unachuchumaa, macho chini, unapiga makofi taratibu, ndiyo unatoa shikamoo. Miaka kumi na miwili nimefanya hivyo bila kukosea. Lakini kwa sababu ya goti, mama mkwe mwenyewe alinisamehe. Alisema, "Baba, simama tu. Mungu anaona." Nikawa nasalimia nimeegemea ukuta kama mtu anayesubiri mabomba yafunguliwe.

Na si hilo tu. Alinisamehe pia kuvuna mpunga wake, kazi ambayo wakwe wote wa nyumba ile hatuna ujanja nayo. Na kila Jumamosi jioni, kwa miezi saba, ameniletea supu ya kongoro, miguu ya ng'ombe, kwenye kindoo cha mfuniko. Eti ute wa kongoro unalainisha viungo. Jamani, supu ile! Ina ndimu, ina pilipili, inakaa mdomoni mpaka Jumapili. Niambieni ninyi, kwa moyo mkunjufu kabisa, nani kati yenu angeinuka mwezi wa nne akasema nimepona?

Haya. Kapteni wetu, Hamisi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akanipigia juzi. "Maganga, tumepungukiwa mtu. Rudi."

"Goti," nikasema.

"Goti gani? Juzi nimekuona unaruka mtaro."

(Watu wa mji huu mnaangalia sana mambo yasiyowahusu.)

Nikafikiria. Mama mkwe alikuwa amekwenda Kabungu kwa dada yake tangu Alhamisi, mke wangu alisema atarudi Jumapili. Njia nyeupe. Ila nikachukua tahadhari, kwa sababu mimi si mjinga. Nikaazima helmeti ya bodaboda yenye kioo cheusi. Nikawaambia wenzangu ni ya kuzuia mpira usinipige usoni. Miguuni nikafunga sponji za godoro nilizojishonea mwenyewe kwa kitambaa cha turubai. Nilipojiangalia kwenye kioo cha dukani sikujitambua. Nikasema safi.

Nikaingia uwanjani mwishoni mwishoni. Jamani, sijui niseme nini. Miezi saba! Nilipolishika lile gongo la kupigia mpira nilicheka peke yangu kwa furaha. Mpira wa kwanza nikaupiga ukapita kati ya walimu wawili wakabaki wanalaumiana. Wa pili ukafika kwenye mabua ya mahindi. Pembeni kulikuwa na kina mama wa kanisani wametoka mazoezi ya kwaya, wamekaa kivulini wanaangalia. Mmoja wao akapaza sauti, "Huyo mwenye helmeti anaweza!" Nikavimba kichwa humo ndani ya helmeti mpaka ikabana.

Ikabaki mpira wa mwisho, na mikimbio miwili tushinde. Miwili tu! Kwa wasiojua: ukishapiga mpira unakimbia upande wa pili, mwenzako anakuja upande wako, mnapishana. Huo ni mkimbio mmoja. Adui akiugonga mpira kwenye vijiti kabla hujafika, umetoka. Ni hivyo tu, hata mtoto anaelewa.

Nikapiga. Mpira ukaenda mbali. Tukakimbia wa kwanza, salama. Nikageuka kukimbia wa pili, ule wa ushindi. Goti halilii, pumzi ipo, kijana mzima wa miaka arobaini na moja.

Sasa, kuna njia ya miguu inayokata kiwanja kile katikati. Ilikuwepo kabla ya kriketi na watu wa Mwamkulu hawana mpango wa kuihamisha. Nikiwa katikati ya mbio, nikamwona mama anakuja kwenye njia ile. Ndoo kichwani, mkono mmoja umeishika, uso umefichwa na mkono. Kimo kile kile. Mwendo ule ule wa kutua kisigino kwanza. Na gauni la kitenge la kina mama wa kwaya: bluu, ndege weupe, shingo ya mraba.

Mama mkwe!

Ndugu zangu, sikuamua chochote. Naapa. Mwili ulifanya wenyewe. Miaka kumi na miwili ya adabu haiondoki kwa miezi saba ya kuegemea ukuta. Nikafunga breki. Nikatoka kwenye njia. Nikaangusha gongo. Nikavua helmeti (nimevua mwenyewe, kwa mikono yangu hii!). Nikachuchumaa mpaka chini kabisa, sponji zikalia, macho kwenye nyasi, nikapiga makofi taratibu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, marahaba!" Sauti ina furaha kweli. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri mama."

"Watoto?"

"Hawajambo mama."

Nyuma yangu nasikia Hamisi anapiga kelele, "Kimbia! Kimbia wewe!" Ningekimbiaje? Salamu haijaisha. Mimi nimelelewa.

"Na cherehani inaendaje?"

"Tunashukuru mama."

"Gauni limenikaa vizuri baba, Mungu akubariki."

Hapo nikaacha kupiga makofi.

Kwa sababu magauni ya kwaya nimeshona mimi. Kumi na nane, kitenge kimoja, mshono mmoja. Kumi na saba nimeshayakabidhi. La kumi na nane ni la mama mkwe, nalo hivi ninavyoandika liko dukani kwangu kwenye hanga halina mikono, kwa sababu yeye mwenyewe alisema, "Baba, langu liweke mwisho, usije ukaumiza goti kwa kukanyaga pedali." Kwa hiyo mtu pekee katika kwaya ile ambaye hawezi kuwa ndani ya gauni lile ni mama mkwe. Mtu pekee! Na mtu pekee anayelijua hilo vizuri kuliko wote ni mimi niliyelikata.

Nikainua macho. Mama Jenipha. Anauza nyanya sokoni. Ameshika ndoo yake ya nyanya anatabasamu kama aliyetembelewa na mkuu wa wilaya.

Nimekasirika! Sasa yule mama, anaona mwanamume mzima anamchuchumalia katikati ya mashindano, hajiulizi? Hakuona kuwa kuna kosa? Alipokea salamu yote mpaka habari za watoto! Nilipomuuliza mbona hakuniambia, akasema, "Mimi nilijua ndiyo sheria ya mchezo wenu, kila anayepita anasalimiwa."

Wakati huo mwalimu mmoja alikuwa anakuja na mpira mkononi. Hakukimbia hata. Alitembea. Alipita pembeni yangu akaniuliza kwa upole, "Kaka, umeumia?" Nikasema hapana. Akasema, "Haya, pole," akaenda akaugonga mpira kwenye vijiti. Nimetoka. Ushindi umetuponyoka.

Hamisi akaja mbio, mishipa imemtoka. "Maganga! Unachuchumaa? Mkimbio wa ushindi, wewe unachuchumaa?"

"Nilikuwa nasalimia."

"Unamsalimia nani? Mama wa nyanya?"

Nikamgeukia refa nikadai mpigo urudiwe, maana mtu hawezi kuadhibiwa kwa kuwa na adabu. Refa, mwalimu wa hesabu, akasema kanuni hazina kifungu cha wakwe. Nikamwambia basi hizo kanuni zimeandikwa na watu wasiooa. Wakacheka wote. Timu yangu ikacheka! Nikasimama pale nafoka, nanyoosha kidole, sponji moja imefunguka inaburuza, helmeti iko kwapani.

Ndipo nikasikia kutoka kivulini, walikokaa kina mama, sauti moja ndogo sana.

"Mkwe."

Kiwanja kizima kikageuka. Hata Hamisi.

Mama mkwe alikuwa amekaa mbele kabisa, amejifunga kitenge chake cha zamani cha kijani, kwa sababu kipya kiko kwangu. Alirudi kutoka Kabungu jana, aje kuwahi mazoezi ya kwaya. Alikuwepo pale muda wote. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba ile sauti ya "Huyo mwenye helmeti anaweza!" ilikuwa yake.

Nikasogea. Miguu imekuwa mizito kama nimerudishiwa hogo. Nilipofika mbele yake sasa nikakwama kabisa. Nichuchumae? Nitakuwa nimekiri. Nisimame? Kila mtu ameniona nimechuchumaa. Niegemee ukuta? Hakuna ukuta! Nikabaki nimepinda katikati, si kusimama si kuchuchumaa, kama mtu anayetafuta sindano.

Mama mkwe akaniangalia goti. Akaliangalia muda mrefu.

"Kumbe linakunjika," akasema.

"Mama, leo ndiyo mara ya..."

"Kwangu linasimama. Kwa Mama Jenipha linakunjika."

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningepata nafuu. Kina mama wengine wakageuza nyuso, mabega yanawatikisika. Mama Jenipha, badala ya kupita na nyanya zake, akaweka ndoo chini akae asikie vizuri.

Niseme ukweli hapa maana ni sisi kwa sisi. Niliona aibu. Si ya kuchekwa, hiyo nimeizoea. Yule mama ameniombea goti langu kila Jumapili kwa jina. Anavuna mpunga mwenyewe na miaka yake sitini na kitu, mkwe wake amekaa dukani anakunywa kongoro. Nilitaka kusema samahani. Nilichosema ni, "Mama, ila si umeona nilivyoupiga ule wa pili?"

(Sijui. Msiniulize.)

Akajibu, "Nimeona, baba." Akainuka, akakung'uta kitenge, akaondoka. Nikachuchumaa kumpisha. Mpaka chini. Goti lenyewe, msaliti mkubwa, asubuhi hii tu lilikuwa linalia nikipanda ngazi ya duka, lakini pale lilikunjika kimya kama limepakwa grisi.

Nimefika nyumbani nimenuna. Mke wangu alishapata habari. Ananipa maji ya kuoga anacheka. Ananitengea ugali anacheka. Nikamwambia mimi ndiye niliyeonewa leo, na mchezo, na kitenge, na mama wa nyanya, na wewe uliyesema atarudi Jumapili. Akasema, "Pole, mwenye adabu," akaenda kucheka jikoni.

Halafu saa kumi na mbili na nusu bodaboda ikasimama mlangoni. Dereva ameshika kindoo cha mfuniko. Kile kile cha kila Jumamosi.

Nikasisimka mwili. Nikamwambia mke wangu, unaona? Mama yako ana moyo kuliko nyie wote. Amenisamehe. Nikaenda kutafuta ndimu mwenyewe, nikachukua na kijiko, nikakaa vizuri, nikafungua mfuniko.

Hakuna supu. Kuna mundu. Umenolewa unameta, na mpini umefungwa kitambaa ili usinichubue mkono.

Jumatatu alfajiri niko shambani kwa mama mkwe. Gauni namalizia kesho nikitoka kanisani. Naomba mtu asicheke, na kama umeshacheka, ule mpunga ni mwingi, njoo na mundu wako.