Sofa Langu kwa Jirani

Jumatatu, 3 Machi

Jirani mshonaji kaingizwa kwenye orodha ya kaya maskini! Ruzuku kila miezi miwili. Mimi kinyozi, baba wa watoto wanne, nimerukwa. Mke wangu kanikumbusha kwamba mwenzetu ni mjane, analea wajukuu watatu, na macho hayaoni tena tundu la sindano. Sawa. Lakini lazima atabasamu vile? Roho imeniuma hadi chai ikanishinda.

Jumanne, 4 Machi

Nimekata rufaa. Karani wa ruzuku kasema Alhamisi atapita nyumba hadi nyumba kuhakiki upya, aone kila mtu ana nini ndani. Kwangu atakuta sakafu!

Jumatano, 5 Machi

Vitu nivifiche wapi? Shemeji kakataa. Eti mara ya mwisho alinitunzia friji, nikamdai hata barafu. Nyumba yenye nafasi ni moja tu: ya mshonaji. Haina kitu. Nikamdanganya tunapaka rangi. Akasema leteni tu, jirani. Tumehamisha sofa, friji na televisheni.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa! Karani kaanzia kwa mshonaji. Nilichungulia dirishani kwake, nikaona kalamu iko tayari kumfuta. Bibi wa watu akaapa kwamba vitu ni vya jirani. Karani akasema wote husema hivyo. Majirani wakajaa mlangoni. Mshonaji akaanza kulia. Nikinyamaza, nafasi yake ni yangu. Nikanyamaza.

Ndipo fundi viatu, ambaye sijawahi kumkaribisha ndani, akasema kwa sauti kwamba kumbe bibi ana sofa ambalo kinyozi hawezi hata kuliota. Hawezi hata kuliota! Sikujijua. Nikajikuta katikati ya watu nikipiga kelele kwamba sofa ni langu, friji ni yangu, televisheni ni yangu, na risiti ninazo. Nikakimbia kuzileta.

Jumapili, 9 Machi

Jina la mshonaji limebaki. Rufaa yangu imetupwa. Amekuja kunishukuru kwa kusema kweli, kaniita mwanangu. Mtaa mzima unamsifu yeye kwa uvumilivu. Mimi nani anisifu?

Na sasa mzee wa nyumba ya pili kaandikishwa pensheni ya wazee! Sharti ni miaka sabini. Nina arobaini na sita. Leo nimekwenda dukani nimeinama, nikikohoa. Mwenye duka kanipa kiti. Dalili njema!