Breki ya Mbele na Vyungu vya Damari

Jumatatu, 1 Julai
Breki ya mbele ya pikipiki imelegea. Nikafungua kikopo cha mafuta pale kwenye usukani: yamepungua. Niende mpaka Ipinda kununua mafuta ya breki, na ndani nina dumu zima la mawese? Mafuta ni mafuta. Nikajaza. Ikakaza! Darasa la nne limenitosha.

Jumamosi ndiyo siku yenyewe. Damari, mjane mfinyanzi wa Ikombe, atashusha vyungu kwa mtumbwi pale Matema. Mimi vyungu sita, Hezroni sita. Atakayevifikisha salama sokoni Ipinda ndiye atakayembebea kila wiki. Kila wiki! Kutoka kubeba vyungu mpaka kumbeba mfinyanzi mwenyewe ni hatua moja. Hezroni ni mzee wa kanisa, mgane kama mimi. Ana baiskeli. Baiskeli!

Jumatano, 3 Julai
Pikipiki nzito. Inanguruma, haiendi. Kule Mwaya nikapitwa na mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Kwa miguu! Akauliza kama nimechoka, anisaidie kusukuma. Nikamjibu natazama kakao za watu. Nikagusa diski ya mbele. Chwaa! Kidole nimekinyonya mpaka nyumbani.

Alhamisi, 4 Julai
Uchunguzi. Nikainua gurudumu la mbele juu ya kreti la soda, nikalizungusha. Limegoma. Nikaamua kosa ni pedi za breki, zimenenepa. Nikazisugua kwenye jiwe mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Gurudumu likazunguka kama pia! Kwa furaha nikabonyeza breki mara tatu. Likanata tena.

Hezroni akapita. Akasema atatuombea, mimi na pikipiki. Akaanza na pikipiki.

Jumamosi, 6 Julai
Sina hamu ya kuandika.

Tuliondoka Matema pamoja. Nikamwachia Hezroni vumbi. Kilomita ya nne, harufu ya kuungua. Ya tano, moshi. Darajani gurudumu likashika kabisa, nikalala chini na mzigo wote. Vyungu vitano vipande. Hezroni akanipita akipiga kengele, vyungu vyake sita vimetulia kama watoto kanisani.

Damari akafika kwa lifti ya gari la mizigo. Hakutazama goti langu. Alitazama vipande, kazi yake ya mwezi mzima, akasema pole, babu. Babu! Wiki iliyopita nilikuwa kaka Sadoki. Nikabaki nimekaa na kipande chenye alama ya kidole chake. Sikukitupa.

Jumatatu, 8 Julai
Nimeisukuma mpaka Ipinda kwa fundi Tuntufye. Akalegeza skrubu ya kutolea upepo kule chini. Mafuta yakaruka, gurudumu likawa huru. Akasema basi shida iko juu, mafuta hayarudi. Akafungua kikopo. Akanusa. Akaita mafundi wenzake nao wanuse. Akauliza, mzee wangu, ulitaka kusimama au kukaanga samaki?

Raba ya ndani ilikuwa imevimba kama andazi, imeziba kitundu cha kurudishia mafuta. Ndiyo maana ukiachia breki, pedi haziachii. Akabadilisha raba zote, akaosha mabomba, akaniapisha mbele ya watu: humu ni mafuta ya breki peke yake. Nikaapa. Ndaga fijo, asante sana, nikaondoka kichwa chini.

Jumatano, 10 Julai
Habari! Hezroni amevunja ekseli. Damari ametuma neno: Jumamosi hii nijaribu mara ya mwisho, vyungu vinne. Nikivunja hata kimoja, nisimsalimie tena.

Safari hii sibahatishi. Nimekagua breki mapema. Mafuta yameshuka unywele mmoja chini ya mstari. Ipinda mbali, na Tuntufye ana mdomo. Lakini jirani yangu Angetile, mshonaji, ana mafuta ya cherehani. Meupe, membamba, ya dukani kabisa, chupa ina nembo. Siyo mambo ya kienyeji kama yale mawese!

Nimejaza mpaka juu. Breki imekaza vizuri sana.